Sanduku Nililosema Ni Langu

Mgeni katika mji huzoea chakula upesi, na baridi pia huizoea. Kitu ambacho mimi sikukizoea ni kumaliza kazi na kukosa mtu wa kuniambia nimeifanya vizuri. Nilifika Thika kutoka magharibi nikiwa na cheti cha Form Two, jambo kubwa kwa siku zile, na kwa sababu ya cheti hicho nikajitenga. Watu wa kwetu walikuwa wengi, kwenye mashamba ya katani na viwandani. Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye nyasi nje ya kanisa wakaongea lugha ya nyumbani hadi jua lipoe. Mimi nilikwenda moja kwa moja chumbani kwangu Majengo kusoma kitabu cha ufundi wa redio. Niliona hawana la kunifundisha. Baada ya miezi michache waliacha kunialika, nami nikajifanya sikuona.

Kazi niliipata katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio na kuzitengeneza. Kwenye baraza ya duka hilo alikuwa na nafasi yake seremala mmoja, Mkikuyu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio tangu asubuhi hadi jioni. Hakuwa ameajiriwa. Mhindi alimwachia kona ile naye akamtengenezea makabati ya redio yaliyopasuka na miguu ya gramafoni. Alikuwa mtu wa pekee Thika aliyenitania. Aliniita Form Two kama kwamba ndivyo nilivyobatizwa.

"Form Two, njoo ushike hapa. Ama huko shuleni hamfunzwi kushika?"

Nilikuwa nikijifanya kuudhika, kisha naenda kushika. Saa sita tulikula pamoja, mahindi na maharagwe yake, mkate wangu. Nikihesabu maongezi yote niliyokuwa nayo kwa siku, mengi yalikuwa ya saa ile moja.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau na kumshuku kila Mkikuyu. Mimi, kwa kuwa nilitoka mbali, nilitembea nitakako. Askari akinisimamisha alisikia ninavyosema akanipungia mkono nipite. Seremala hakuweza kuvuka daraja la kutokea mjini bila karatasi. Kila Mkikuyu aliyekuwa mjini alitakiwa kuonyesha ni nani aliyemwajiri, na asiye na mtu wa kumwandikia alirudishwa kwao, kwenye vile vijiji vipya ambako watu walichimba mitaro chini ya ulinzi. Mke wake na watoto walikuwa huko tayari. Aliwapelekea kidogo alichopata, na alijua kwamba akiondolewa Thika watakosa hata hicho. Alimwomba Mhindi amwandikie barua. Mhindi akakataa kwa upole, akasema naye ni mgeni tu wa serikali, duka lake ni dogo, hataki maneno.

Ndipo ikaja kazi ya Ruiru.

Msimamizi wa shamba moja la kahawa huko, Mzungu aliyekuwa akiishi peke yake, alikuwa na redio ndani ya gari lake. Spika yake ilikuwa ndogo, imefungwa chini ya dashibodi, na sauti ilitoka kama nzi ndani ya mkebe. Alitaka muziki ujae gari zima. Alisema hivyo akiinua mikono yote miwili, pale dukani, na Mhindi akanitazama mimi. Nikasema inawezekana.

Nilichora picha. Spika ya pili, kubwa, niliyoitoa kwenye redio ya nyumbani iliyokwisha kazi, ingekaa nyuma ya kiti cha abiria ndani ya sanduku lake, na mbele swichi ya dereva kuchagua asikie ya mbele, ya nyuma, au zote. Nilijua hesabu za waya. Sikujua sanduku. La kwanza nililipigilia mwenyewe kwa mbao za plaiwudi, nikalijaribu kwa betri ya gari pale barazani, na kila ngoma ilipopigwa sanduku lilitetemeka likapiga kelele kuliko spika.

Seremala alisikiliza huku akiendelea kupiga randa. Mwishowe akaja akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Mbao hii inalia yenyewe," akasema. "Itabebaje kilio cha mwingine?"

Nikamwambia kitabuni imeandikwa plaiwudi. Akaniuliza kama aliyeandika kitabu amewahi kupita barabara ya Ruiru kwa gari.

Kabla ya useremala alikuwa amechonga mizinga ya nyuki, na kwa kuwa nyuki hawaingii nyumba yenye upepo, alijua kuziba. Aliugonga kila ubao uliokuwa pale, akiweka sikio, mpaka akachagua mvule mzito uliotoka kwenye kabati kuukuu. Aliunganisha pembe kwa meno ya mbao bila msumari hata mmoja, akaziba kwa gundi ya kwato na nta. Kwa ajili ya ndani ya sanduku alinituma nilete nyuzi za katani zilizotupwa, akazichambua kwa vidole kama mtu anayechambua pamba ya godoro, akazipanga ukutani mwa sanduku na kuzishikilia kwa gunia. Siku nne nzima. Mimi nilifunga spika, nikaunganisha waya, nikawasha.

Sijui nieleze vipi. Mwanamume aliyekuwa akiimba redioni alikuja akasimama nasi pale barazani. Watu wawili waliokuwa wakipita walirudi. Seremala aliweka kiganja juu ya sanduku akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Jioni hiyo alinieleza alichokuwa akikifikiria siku zote nne. Yeye hawezi kwenda Ruiru kufunga sanduku, hana ruhusa. Lakini Mzungu akilisikia lazima atauliza aliyelitengeneza. Nami nitasema. Kisha nimwombe karatasi moja tu, mistari miwili, kwamba seremala huyu anamfanyia kazi. Barua ya Mzungu wa shamba haikuwa ikikataliwa.

"Usiniombee pesa," akasema. "Niombee hiyo karatasi."

Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Lori la shamba lilileta kahawa stesheni ya Thika siku ya Jumatano, na lilipokuwa likirudi nilipanda nyuma nikiwa nimelikumbatia sanduku, limefungwa blanketi langu. Seremala alisimama kando ya lori akihakikisha kamba. Njiani tulisimamishwa mara moja. Askari aliuliza kabila langu, nikamjibu, akaniambia niketi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Magari ya Kiingereza ya wakati ule yalikuwa na tabia yao: waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye mwili wa gari. Mimi nilizoea redio za Kimarekani zilizofanya kinyume, na siku ya kwanza niligeuza waya nikaunguza kile kikopo kinachotetema ndani ya redio ya gari ili kuipandishia umeme. Kwa bahati nilikuwa na kingine. Sikumwambia mtu. Kisha, injini ilipowashwa, cheche za plagi zilisikika kwenye spika kama mafuta yanayokaangwa, ikabidi nifunge kondensa kwenye dainamo na kwenye koili mpaka zikanyamaza. Nilikula peke yangu nyuma ya jikoni, nikalala kwenye ghala la mbolea. Siku mbili hizo hakuna aliyesema nami ila mpishi, aliyeniuliza kama nimemaliza na sufuria.

Siku ya pili alasiri nilimwita Mzungu. Aliingia, akaketi nyuma, si mbele. Nikawasha. Valvu zikapata moto polepole, kisha piano ikaanza, sauti ya chini kabisa, na gari likajaa. Alifumba macho. Aliketi hivyo muda mrefu, miguu yake imejikunja, kofia juu ya magoti, na nilipomwona vile nilijua kuwa ndani ya nyumba ile kubwa naye hakuwa na wa kuongea naye. Nilimhurumia. Na nilimpenda kidogo, kama mtu anavyompenda anayekula chakula chake kwa hamu.

Akafumbua macho, akapapasa sanduku, akapitisha kidole kwenye meno ya mbao pembeni.

"Hii sanduku nani natengeneza?"

"Mimi, bwana."

Nimeishi na maneno mawili hayo zaidi ya miaka hamsini. Nimejaribu kuyapa sababu. Nimesema nilishtuka, nimesema Kiswahili chake kilinichanganya. Si kweli. Aliuliza vizuri na nilimsikia. Alikuwa akinitazama jinsi ambavyo hakuna mtu aliyenitazama tangu nitoke kwetu, na sikutaka kumgawia mtu mwingine mtazamo huo.

Akasema mimi ni fundi kamili. Akaingia nyumbani, akarudi na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akanipa bila mimi kuomba. Niliisoma nikiwa nyuma ya lori. Ilikuwa kwa Kiingereza, mistari michache: mwenye barua hii ni fundi wa umeme na seremala wa kiwango cha juu, na kwamba yeye Mzungu anamjua na anamwamini. Na chini, jina langu.

Lori lilikuwa bado halijawashwa. Dereva alikuwa akiongea na mpishi. Nyumba ilikuwa hatua kama sitini. Ningeshuka, ningebisha, ningesema, bwana, nimekosea. Pengine angenifukuza, pengine angecheka na kuchukua karatasi nyingine. Nilikaa nikizihesabu hatua hizo mpaka injini ikaguruma.

Thika nilimkuta seremala amebaki barazani ingawa duka lilikuwa limefungwa. Nikamwambia Mzungu hakuwapo, sanduku alilipokea mpishi, na kwamba nitarudi baada ya wiki mbili kukagua waya. Aliniamini papo hapo. Aliuliza tu kama sanduku lilifika bila mkwaruzo.

Wiki mbili hizo alikuwa na furaha, na ndizo nilizoteseka. Alianza kunifundisha kunoa patasi. Aliniambia mke wake hupika vipi, na kwamba hali ikitulia nitakwenda kula. Nilipokwenda Ruiru mara ya pili nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kiingereza, nikayakariri njia nzima. Lakini Mzungu alikuwa na mgeni, mwenzake wa shamba la jirani, akanisimamisha mbele yake kama mtu anavyomwonyesha farasi.

"Hii ndio fundi yangu. Yeye nafanya yote. Yote!"

Mgeni akanishika mkono. Nikasema asante.

Nilirudi usiku wa Alhamisi, na msako ulikuja Ijumaa asubuhi, seremala hajapata nafasi ya kuniuliza kitu, maduka yakiwa ndiyo yanafunguliwa. Walichukua kila aliyekosa karatasi. Mhindi alifunga mlango akatuambia tukae ndani, lakini baraza ilikuwa nje. Nilimwona seremala kwenye kioo cha dirisha akifuta mikono kwenye aproni yake, akiikunja, akiiweka juu ya benchi.

Adhuhuri nilimfuata uwanjani karibu na stesheni walikowakalisha chini kwa mistari. Askari alinipitisha nilipotaja kwetu. Seremala alikuwa mstari wa tatu, magoti kifuani, kalamu bado nyuma ya sikio.

"Form Two," akasema. "Ulimwambia?"

Barua ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Nilikuwa nayo pale, imekunjwa mara nne.

"Nilimwambia, mzee. Alikataa."

Akanitazama kidogo. Kisha akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Basi. Umejaribu. Nenda kabla hawajakuandika na wewe."

Nikaenda. Hata ruhusa ya kuondoka ni yeye aliyenipa.

Baada ya hapo duka lilikuwa na sauti kutwa nzima, redio tano sita zikijaribiwa kwa pamoja, na sikuwa na mtu wa kumwambia ninyamazishie hii. Saa sita nilikula mkate wangu nikiwa nimeupa barabara mgongo. Nilijaribu kwenda kanisani kukaa na watu wa kwetu kwenye nyasi. Walinipisha nafasi kwa adabu, kama mnavyompisha mgeni, na maongezi yakawa mafupi. Barua ile niliitumia, nisifiche. Iliniingiza katika kiwanda kimoja cha eneo la viwanda, kazi ya kutunza mitambo, na ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu. Mle kiwandani walinipa mara moja kazi ya kutengeneza kabati, kwa sababu imeandikwa mimi ni seremala. Likatoka limepinda. Nikasema mbao ilikuwa mbichi.

Mwishoni mwa miaka ile, vizuizi vilipoanza kulegezwa, alirudi. Nilikutana naye sokoni. Nywele zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikukunjika tena. Nilitaka kugeuza njia, yeye akawa ameshaniona na ananiita kwa sauti, Form Two, Form Two, mpaka wauza mboga wakacheka. Hakuniachia mkono. Alinipeleka moja kwa moja kwake, chumba kimoja cha mabati, familia nzima imekuja.

Mke wake alikuwa akiponda irio, viazi na mahindi. Seremala alimwambia kwa Kikuyu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie.

"Huyu ndiye niliyekuambia. Wote waliogopa, hata Mhindi. Huyu kijana alikwenda mpaka kwa Mzungu akaniombea."

Mama akaacha mwiko, akafuta mikono, akaja kunisalimu kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Watoto wakaambiwa wanisalimu, mmoja mmoja, na seremala akanivutia kigoda kilichokuwa cha pekee mle ndani, yeye akaketi juu ya debe.

Nilifungua mdomo. Nataka aliyesoma mpaka hapa ajue kwamba nilifungua mdomo, ingawa haimfai mtu kitu. Mama akaniwekea sahani mikononi, imejaa kuliko ya mwenye nyumba. Walikuwa wakinisubiri nianze. Nikaanza.