Uyoga wa Tuta la Mbao

Nakumbuka Jumamosi moja ya kufungiwa ndani kwa korona, hapa Doonside, ugenini tulikohamia kutoka Kivu. Tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu watatu Neema, Baraka na Riziki, na ng'ambo ya ua jirani yetu Bi Saumu, mjane wa Tanga, barakoa usoni, akianika nguo.

Mwanangu, wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Niliacha shule darasa la sita ili wengine wasome, na nilijivunia jambo hilo kuliko ilivyofaa. Korona ilipopunguza zamu zangu ghalani, nilipigilia mbao kuukuu nikapata tuta lililoinuka, nikalijaza udongo na vipande vya miti, nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Mvua ikanyesha wiki nzima. Asubuhi hiyo nikakuta uyoga umeota kila pembe, mweupe, mnene. Kwetu Kivu uyoga ni nyama ya maskini. Marehemu mama aliutazama tu: wadudu wakiuonja, unaingia chunguni. Huu konokono walikuwa wameutoboa. Nikachuma sufuria tele, nikawaita wadogo waje waone dada yao asivyoshindwa na njaa.

Bi Saumu akasogea kwenye ua. "Mwanangu, uyoga huo unaujua?"

"Uyoga ni uyoga, bibi. Nimeula tangu utoto."

"Umekula wa kwenu. Konokono hula kinachomuua mtu, na ini likishaharibika hulirudishi. Ukitaka kufa kwa ubishi, ufe peke yako, usiwabebe watoto wa mama yako."

Yaliniuma, maana wadogo walikuwa wakisikia, nami kila siku niliwaambia kwamba Yaya wao, dada yao mkubwa, anajua. Riziki akacheka, akasema kwa Kiingereza chake kwamba basi tuagize piza. Nikaiinua sufuria.

"Yaya hajui," nikawaambia. Nikaumwaga wote kwenye pipa la taka.

Bi Saumu hakunisimanga. Alinieleza kwamba uyoga hulishwa na mbao zinazooza, wala hauidhuru mboga, kwa hiyo nisibomoe tuta wala nisimwage dawa. Niung'oe kwa glavu kabla kofia zake hazijafunguka, nipunguze maji, nichakure juu hewa ipite. Nikafanya hivyo kila asubuhi. Lengalenga ikatufika magotini.

Leo Neema ni muuguzi, Baraka fundi umeme, Riziki yuko chuoni. Najivuna, sifichi. Ila katika yote niliyowapa, najivunia zaidi maneno yale mawili niliyoyasema nimeshika sufuria.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Ugenini usiamini sura ya kitu kwa sababu inafanana na ya kwenu. Na ukiwa wewe ndiye unayewalisha wengine, uwe wa kwanza kusema hujui. Mungu akujalie jirani asiyeogopa kukukemea, na moyo wa kumsikia.

Ndege za abiria zilipoanza kuruka tena, Bi Saumu alirudi kwao Tanga. Wadogo zangu watatu wako hai, nami sikuwahi kumpikia hata chai ya shukrani.