Mlango wa Jikoni

Nyumba yetu ya Ibra ilikuwa mkahawa. Wasafiri wa njia ya Sur, wote wanaume, walifunga ngamia wao nje, wakaingia kunywa kahawa na kupiga soga. Magari yalipozidi na ngamia kupungua, mwenye mkahawa akaufunga, na baba akaununua. Ilikuwa miaka ya sabini, ndiyo kwanza tumevuka bahari kutoka Unguja. Hata baada ya kupigwa chokaa, kuta zilinukia iliki. Mimi niliipenda mno nyumba ile. Mama hakuipenda hata chembe.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kupata wenzake. Unguja aliacha mtaa mzima wa mashoga. Basi akapika maandazi, nikatumwa niyapeleke kwa majirani. Sahani zilirudi zimejaa tende na salamu tele, lakini mwanamke hata mmoja hakuja. Wakifika penye nyumba yetu walivuka njia, wakapita ng'ambo wameinamisha nyuso.

"Wanatuona washenzi," mama akasema.

Baba akamshauri aende yeye kwao. Thubutu! Mama yangu na kiburi chake: "Mgeni ni mimi. Mgeni hutembelewa." Akanuna mwaka mzima, na mama alijua kununa, hata paka alimpisha.

Siku moja nilikuwa nafua kwenye falaji, mfereji unaopita nyuma ya nyumba. Bibi mmoja jirani akaniuliza mama hajambo. Nikamjibu kwa hasira kwamba aje amwone mwenyewe. Akanikodolea macho.

"Mwanangu, mimi nipite mlango wa mkahawa? Tangu nizaliwe hakuna mwanamke aliyeupita. Nikaanze uzeeni?"

Kumbe ndiyo hayo. Nikaenda mbio kumwambia baba. Alichukua sururu akautoboa ukuta wa jikoni, upande wa mitende, akatia mlango.

Asubuhi iliyofuata wakaja. Ndara zilijaa pale nje hata pa kukanyaga hapakuwapo. Yule bibi akaketi mkekani, akala andazi, akachukua la pili.

"Mwaka mzima harufu ya maandazi haya inatutesa," akasema.

Mama alikuwa anammiminia kahawa. Ulimi wake haukujua kuficha.

"Na mimi, bibi, mwaka mzima nawaombea mabaya."

Wanawake wakaangua kicheko, jikoni kote. Mama hakucheka. Alikuwa analia, na kahawa inafurika kikombeni.