Mbona na Mashine Nambari Tatu

Mume wa dada yangu ana jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Mbona, kwa sababu hawezi kukaa dakika mbili bila kuuliza mbona hiki, mbona kile. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha, wazee wamekaa kwa heshima zao, akamuuliza baba mbona kiti chake kimelika mkono mmoja tu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Dada yangu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kazi yake ni kuchora mabango. Maandishi ya kwenye malori, vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi, meno kwenye vibao vya zahanati, yote anachora, na mkono wake mwepesi sina wa kuulinganisha nao. Ila ana ugonjwa mmoja: hachori kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Mwenye bucha mmoja aliwahi kumpa kazi ya kuchora ng'ombe. Mtu mwingine angechora ng'ombe yeyote, mnene, amalize, alipwe. Mbona alikwenda machinjioni akakaa mbele ya ng'ombe asubuhi nzima, kisha akaja kumchora yule yule, mbavu nje, macho yamechoka. Mwenye bucha akapiga kelele, nani atanunua nyama ya huyu? Mbona akamjibu kwa upole kwamba huyo ndiye anayemuuza kila siku. Dada yangu alinuna wiki nzima, na mimi nilimsaidia kununa.

Mimi ni mpishi wa kantini katika kiwanda cha maboksi, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Meneja alipotangaza kwamba anataka ukuta mkubwa wa kantini uchorwe picha ya wafanyakazi, ili wageni wakija waone kitu cha kupendeza, mimi ndiye niliyempigia debe shemeji yangu. Nilijua ng'ombe wake, lakini nilijua pia bati la nyumba ya dada yangu linavuja.

Akaanza kwa kuomba kitu ambacho hakuna mchoraji aliyewahi kukiomba: akae ndani ya kiwanda wiki mbili kabla hajagusa ukuta. Meneja alikubali kwa kuwa haikumgharimu kitu. Basi kila siku Mbona alikuwa amekaa juu ya boksi lililopinduliwa, daftari gotini, anakodoa macho. Saa ya chakula anakuja dirishani kwangu na maswali yake.

"Shemeji, mbona watu wa mashine nambari tatu wote wana bega moja juu?"

"Na wewe shemeji, mbona una mdomo mmoja unafanya kazi ya midomo minne? Shika sahani yako upite, foleni inakungoja."

Alicheka akapita. Lakini swali lilibaki kwangu, na kesho yake wale wa nambari tatu walipoingia kula niliwatazama vizuri. Kweli, bega la kulia juu, la kushoto chini, wote watano. Miaka kumi na moja nawapakulia chakula na sikuwahi kuliona hilo. Nikamuuliza Mama Pacha, aliyekuwa mkongwe wao, mwanamke wa maneno machache ambaye watoto wake mapacha walikuwa darasa moja na mwanangu.

"Ni kisu," aliniambia. "Ukiingiza mkono kuvuta mabaki ya karatasi, unainua bega ili shati lisinaswe. Ukishazoea, linabaki huko huko juu."

Alisema hivyo huku anaendelea kula. Mimi nilirudi jikoni nikiwa na udadisi ambao si wa kawaida yangu, ugonjwa wa shemeji ulikuwa umeanza kuniambukiza. Nikaanza kuona kwamba watu wa gundi wanashika kijiko kwa ncha za vidole kama kinaunguza, na kwamba wapakiaji hawakai hata benchi likiwa tupu, wanakula wameegemea ukuta kwa kuwa wakikaa kuinuka ni shughuli.

Picha ilimchukua mwezi. Siku turubai lililofunika ukuta lilipoondolewa watu waliingia na sahani zao, kisha wakasimama. Ukuta mzima ulikuwa wao. Wapakiaji na mizigo, watu wa gundi na ndoo, na katikati mashine nambari tatu na Mama Pacha ameiinamia, mkono umezama ndani hadi kwenye kiwiko, vidole vikionekana chini ya kisu. Sura hazionekani sana, kwa kuwa mtu aliye kazini huangalia kazi. Hata hivyo kila mtu alijitambua kwa mgongo wake. Mpakiaji mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo aliyepinda ni mimi au ni babu yangu?" na kantini nzima ikavunjika mbavu. Mwanamke mmoja wa gundi hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa kanga yake, akasema, "Kumbe kuna mtu alikuwa anatuona." Mimi nilijidai kukoroga sufuria. Nilijisikia fahari ambayo sikuitarajia.

Meneja alilalamika kwamba hakuna hata mmoja anayecheka. Lakini mwenye kiwanda alipokuja aliipenda, akasema hawa wanachapa kazi kweli, na wakapigwa picha wote wawili mbele ya ukuta. Meneja akameza malalamiko yake. Mbona akaandika tarehe kwenye kona, kama anavyofanya kila mahali hata kwenye meno ya zahanati, akaenda zake.

Miezi saba baadaye kisu cha mashine nambari tatu kilikata vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mama Pacha.

Sitasimulia siku ile. Nitasimulia tangazo lililobandikwa siku ya nne, Mama Pacha akiwa bado amelazwa. Lilisema kwamba mfanyakazi huyo, kwa uzembe wake mwenyewe, aliondoa kinga ya mashine ili afanye kazi haraka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba mashine ina kinga. Nikauliza, nikaambiwa ni wavu wa chuma unaofungwa mbele ya kisu ili mkono usifike. Nikauliza iko wapi. Watu wa nambari tatu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuiona.

Mkaguzi kutoka idara ya kazi alikuwa aje Alhamisi. Akiamini maneno ya tangazo, Mama Pacha hapati fidia, na kazi hana. Mwenye mkono mmoja mzima na watoto wawili angekwenda wapi? Sote tulijua ukweli na sote tulifyata ulimi. Kila mtu aliogopa kumwaga unga, na mimi nilikuwa wa kwanza, sina haja ya kujisafisha hapa.

Jumanne meneja aliingia kantini kunywa chai. Alikuwa akinywa chai pale kila siku akiupa ukuta mgongo. Siku hiyo, sijui kwa nini, aliketi upande wa pili. Nikamwona anainua kikombe, halafu kikombe kinasimama hewani. Anaitazama mashine ya ukutani, na mkono uliozama ndani, na kisu kilicho wazi, kisha macho yanashuka taratibu hadi kwenye kona yenye tarehe. Aliacha chai yake akatoka. Saa moja baadaye Mbona alikuwa ameitwa.

"Unaongeza kinga pale," meneja akamwambia, mimi nikisikia kila neno kutoka jikoni. "Kitu kidogo tu. Wavu wa njano mbele ya kisu."

"Si upake rangi ukuta mzima, bosi?"

"Kesho kutwa nina mkaguzi. Akikuta ukuta mzima unanuka rangi ataniuliza nimeficha nini."

"Sawa," Mbona akasema. "Lakini kinga sijawahi kuiona. Ikoje?"

Niliposikia ile "sawa" nilitupa mwiko kwenye sinki. Meneja alipotoka tu nikamfuata shemeji yangu nimeshika kiuno.

"Ukichora kile kitu, nyumbani kwangu usitie mguu. Umenielewa? Yule mwanamke analala hospitali bila vidole, na wewe unakuja kumpa meneja ushahidi wa bure!"

"Shemeji, imefungwa kwa nati au kwa bawaba?"

"Nini?"

"Hiyo kinga. Huwezi kuchora kitu kama hujui kinashikwa na nini."

Nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Nilimwona mtu mzima asiye na moyo, mwenye macho tu. Alinipita akaenda kumtafuta mtunza stoo, na mimi nikamfuata, kwanza kwa hasira, halafu, lazima niseme ukweli, kwa kutaka kujua. Hata mimi nilitaka kuiona hiyo kinga.

Mtunza stoo alisogeza magunia, akasogeza ngazi, akatutolea. Zilikuwa tano, moja kwa kila mashine, zimesimamishwa ukutani. Kila moja ilikuwa bado ndani ya nailoni iliyokuja nayo, imekazwa kwa mikanda ya plastiki, karatasi ya kiwandani imebandikwa ubavuni, na vumbi juu yake la kutosha kupanda mchicha.

"Mbona hazijafunguliwa?" Mbona akauliza.

"Mimi natunza," mtunza stoo akasema. "Kufungua si kazi yangu. Walisema zikifungwa mashine zinakwenda polepole."

Mbona akavuta kopo kubwa la rangi, akalikalia, akafungua daftari. Alikaa mbele ya ile nailoni kama alivyokaa mbele ya ng'ombe wa bucha. Mimi nilirudi kwenye masufuria yangu, nikiwa sijui niombe nini.

Jumatano mchana alichora. Meneja alichungulia mlangoni, akaona wavu wa njano mbele ya kisu, akainua kidole gumba akaenda. Kutoka mlangoni ilikuwa kinga safi kabisa. Ila mimi nilikuwa karibu, na ukiwa karibu uliona mng'ao wa nailoni juu ya wavu, mikunjo yake kwenye pembe, mikanda ya plastiki na ile karatasi ya ubavuni. Hata vumbi alilitia.

"Shemeji," nikamwambia kwa sauti ya chini, "umefanya makusudi?"

"Makusudi gani? Nimechora nilichokiona."

Mpaka leo sijui. Nimemuuliza mara ishirini, na dada yangu kamuuliza kitandani, jibu ni lile lile.

Alhamisi mkaguzi akaja, mwanamke mfupi wa viatu vya chini na mkoba mkubwa. Alipelekwa moja kwa moja kwenye mashine nambari tatu, akaikuta imevaa kinga yake, imefutwa inang'aa, imefungwa asubuhi ile ile. Aliwauliza wafanyakazi, meneja kasimama pembeni, na wote walitazama viatu vyao. Aliandika, akashukuru, akakaribishwa chai kantini. Nikaona mambo yamekwisha.

Akiwa na kikombe mkononi alianza kuutembelea ukuta, kama wafanyavyo wageni wote. Alifika katikati akasimama. Akasogea. Akagusa kwa kidole, na kidole kikarudi na rangi ya njano. Akaiangalia tarehe ya kwenye kona, akakiangalia tena kidole, kisha akageuka. Aliyekuwa karibu ni mimi.

"Mama, hiki kinachong'aa hapa ni nini?"

Meneja alikuwa hatua tano nyuma yake, ananikazia macho. Nilifikiria ada ya mwanangu, nilifikiria miaka kumi na moja.

"Nailoni," nikasema.

"Kwa nini kinga ina nailoni?"

"Huyu mchoraji ni shemeji yangu. Hachori kitu mpaka akione. Juzi alikwenda kuiona, akaikuta hivyo."

"Aliiona wapi?"

"Stoo. Ziko nyingine nne, bado zimevaa."

Aliweka kikombe chini na kuuliza stoo iko upande gani. Nilimwonyesha kwa mkono.

Mama Pacha alipata fidia yake, ilichukua miezi lakini aliipata, na kazi akarudishiwa, sasa anahesabu maboksi mlangoni. Mimi sikumwaga unga. Meneja alihamishwa, na kinga zote tano zimefungwa, na kweli mashine zinakwenda polepole kidogo. Maboksi yanatoka vile vile.

Siku ya kwanza aliporudi, Mama Pacha aliingia kantini saa ya chakula akamkuta Mbona juu ya ngazi. Mwenye kiwanda alikuwa amemwita aifute ile kinga na nailoni yake, arudishe ukuta ulivyokuwa. Alikuwa amekwisha kuifuta. Sasa mashine ilikuwa wazi tena, na ndani yake mkono wa Mama Pacha. Mbona alishuka, brashi mkononi, akamsalimia. Alionekana mwenye wasiwasi.

"Dada, mkono huu nimeuchora kabla. Sasa si hivyo tena. Unataka niurekebishe?"

Mama Pacha akasogea hadi ukutani. Akavitazama vile vidole vitano, vimetandazwa juu ya karatasi, kila kimoja na kucha yake.

"Viache," akasema. "Mahali pengine nitaviona wapi?"

Kisha akachukua sahani kwangu kwa mkono wa kushoto, akaenda kukaa kwenye benchi linaloelekea ukuta.