Suruali ya Bwana Mbao

Hakimu alipotamka kwamba mbwa auawe, Mama Sindano hakulia. Aliikodolea macho suruali iliyolazwa juu ya meza ya mahakama, suruali ya kaki yenye kiraka gotini, na damu ikamchemka. Kiraka kile alikishona yeye. Tena alikishona vizuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jirani yake, muuza mbao ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mbao, aliruka ukuta wa Mama Sindano mchana kweupe, panga mkononi, kwenda kukata tawi la mpera lililomkera. Hakupiga hodi. Pamba, mbwa mzee mweupe wa Mama Sindano aliyekuwa amejilalia kando ya cherehani, akamdaka mguu. Jino liliingia kidogo, suruali ikachanika vibaya. Jioni mke wa Bwana Mbao akaileta. Mama Sindano, ambaye tangu aanze kushona hajawahi kuruhusu nguo iliyochanika itoke mlangoni pake vilevile, akaitia kiraka bila kutoza kitu. Ujirani tu.

"Asiye na kosa hashoni suruali ya watu bure," alisema hakimu. "Mama huyu alikwisha kukiri kwa mkono wake mwenyewe."

Shemeji yake Mama Sindano, fundi mwashi aliyekuwa akijenga jiko uani siku ile na kuona kila kitu, alinyoosha mkono.

"Wewe ni ndugu yake. Kaa chini."

Akakaa. Wema umegeuzwa ushahidi, na aliyeona kwa macho yake amefungwa mdomo! Mama Sindano alitoka mle ndani.

Kesho yake hakushona nguo ya mteja. Alikata vitambaa vilivyobaki, akashonea herufi kubwa kwenye shuka, akalitundika mbele ya duka: PAMBA ALIKUWA KWAKE. NANI ALIRUKA UKUTA? Kisha akakata rufaa, akaingia sokoni kuomba sahihi za kuiunga mkono.

"Mama Sindano nawe!" muuza viatu akamcheka. "Watu wanaonewa kila siku, wewe unahangaikia mbwa?"

"Na hao watu umewahi kuwatetea, baba? Au unawakumbuka mbwa akitajwa tu?"

Wateja wakaangua kicheko. Muuza viatu akaomba kalamu.

Rufaa ilikuwa haijasikilizwa daktari wa mifugo alipofika na askari. Ua ulikuwa umejaa wanawake waliosikia habari, wengine wamebeba nguo zao za kushonwa.

"Mama, mimi nimetumwa tu," alisema daktari. "Mshike mdomo nimchome sindano ya kumuua."

"Simshiki."

"Afande, nisaidie."

Afande alimtazama Pamba, akarudi nyuma. "Mimi nina watoto, daktari."

Kichwa cha Bwana Mbao kikachomoza juu ya ukuta.

"Si huyo hapo!" fundi mwashi akapaza sauti. "Ruka basi, jirani, uje umshike wewe. Njia unaijua!"

Kichwa kikazama. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko, isipokuwa Mama Sindano. Daktari akafunga mkoba wake, akaondoka, akaahidi kurudi na mtu wa kumshika mbwa.

Hakuwahi kurudi. Mahakama ya juu ilizuia amri ile na kuagiza kesi isikilizwe upya, safari hii fundi mwashi atoe ushahidi. Watu wakaja kumpongeza Mama Sindano.

"Pongezi za nini?" aliwajibu. "Mbwa wangu kulala kwake akiwa hai ndiyo zawadi? Kesi bado. Rudini siku hiyo, tujae."

Walipotawanyika, mke wa Bwana Mbao akaingia na suruali nyingine, imechanwa na msumari.

"Jirani, ana safari kesho. Nisaidie."

Mama Sindano aliipokea, akalipima tundu kwa kidole. Mkono wake mwingine ulikuwa tayari umeshika uzi. Akautazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaurudisha uzi kwenye kopo.

"Mwambie aivae hivyo hivyo."

"Jamani! Mimi nimekukosea nini?"

"Wewe hujanikosea kitu, dada. Ndiyo maana nakukunjia."

Akaikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akamkabidhi na tundu lake. Pamba aliinua kichwa kumtazama mgeni akitoka, akakilaza tena.