Kabla Hawajahamia Jumamosi, Niwaambie Kuhusu Ukuta?

Admin, nifichie jina tafadhali. Mpanda ni mji mdogo na wapangaji wenzangu wapo humu wanasoma.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, nilimaliza kidato cha nne, na nina miezi mitano tu ya ndoa. Jamani, nimeolewa na mwanaume ninayempenda mpaka naogopa. Ni fundi pikipiki. Anarudi na mikono myeusi ya oili, lakini kabla hajanawa lazima asimame mlangoni aniangalie kwanza. Ananiita malkia wangu. Kwao ni Usevya, wanalima mpunga, na utotoni alikuwa anashinda shambani kufukuza ndege huku akiimba wimbo wa Kipimbwe aliofundishwa na bibi yake. Siku tuliyooana aliniimbia wimbo huo, akatoa majina ya ndege akaweka jina langu. Nililia kwa furaha. Nilijua Katavi nzima hakuna mwanamke anayependwa kama mimi.

Tulipanga chumba na sebule hapa Nsemulwa, kwenye nyumba ya wapangaji wanne, tukalipa kodi ya mwaka mzima. Kosa letu ni moja: hatukuangalia juu. Nyumba haina silingibodi. Ukuta unaotutenga na jirani umeishia juu kidogo ya mlango, kuanzia hapo ni uwazi mpaka kwenye bati. Ukipiga chafya huku, wa upande wa pili anakwambia pole.

Jirani nitamwita Mama Sikitu. Anauza vitumbua asubuhi hapo hapo uani, kwa hiyo watu hawakauki. Wiki ya kwanza tu naenda bombani, namsikia, "Malkia, umeamkaje? Leo mfalme kakwambia unanukia kama nini?" Wateja wakaangua kicheko. Na mimi nikajichekesha, nikidhani ni utani wa majirani, utaisha. Haukuisha. Tulichoongea jioni, asubuhi watu walikuwa wanakila na vitumbua. Siku niliyomwambia mume wangu huku nalia kwamba mwezi huu tena sijapata ujauzito, kesho yake Mama Sikitu alinipa vitumbua viwili vya bure, akasema mbele ya watu wote, "Kula mwanangu upate nguvu, mwezi ujao utashika tu." Nilirudi ndani nikajifunika kanga usoni.

Ila kilichonivunja ni ule wimbo. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia watoto wa pale nyumbani wanaruka kamba na wimbo wetu, na jina langu ndani yake. Mama Sikitu kawafundisha. Mume wangu ndio kwanza alikuwa anaingia. Alisimama akausikiliza mpaka mwisho, kisha akapita mlangoni bila kuniangalia. Tangu siku hiyo hajaimba tena. Sasa hivi tunatumiana meseji tukiwa tumekaa kochi moja. "Chakula kitamu." "Asante." Neno malkia haliandiki hata kwenye meseji.

Nilienda kwa mwenye nyumba, mzee mfugaji anayekaa Ilembo. Nilimkuta ananywesha ng'ombe, nikapiga goti nikamwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Binti, kawatukana?"

"Hapana mzee."

"Kawapiga? Kawaibia?"

"Hapana."

"Sasa nikamwambie nini mwenyekiti wa mtaa? Kwamba nyie mnapendana na jirani kasikia?" Alicheka, akaona machozi yangu, akaacha. Alisema yule mama ana miaka mingi pale, ndiye anayemwangalizia nyumba, hawezi kumtoa. Silingibodi ataweka baada ya mavuno. Nikamwomba basi atuachie tuondoke kabla mwaka haujaisha.

"Hilo halina shida. Mlete wa kuingia. Akiingia yeye, nyie mnatoka na kodi yenu iliyobaki. Ndivyo ninavyofanya kwa wote."

"Nimwambie kuhusu jirani?"

"Hayo ni yenu nyie wapangaji, mama. Mimi simo."

Tukatangaza. Jumatatu wakaja kuangalia kijana mmoja na mke wake, wameoana mwezi uliopita, wameshikana mikono mpaka chumbani. Binti akaniuliza, "Dada, majirani wakoje?"

Nikajibu kwa sauti ya chini, "Wazuri, hawana shida."

Akanishika bega. "Pole jamani, sauti imekukauka. Mafua?"

"Mafua tu."

Chumba wamekipenda. Jumamosi wanaleta vitu.

Jioni mume wangu aliporudi nilimwandikia, "Tumepata watu!" Hakujibu meseji. Aliweka simu chini, akaongea kwa sauti yake kamili, sauti niliyokuwa nimeanza kuisahau. "Umewaambia kuhusu ukuta?"

Nikatikisa kichwa.

"Unamkumbuka yule dada aliyetuonyesha chumba hiki?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mpole, na alituonyesha kila kitu kwa kunong'ona. Nilimpa pole ya mafua.

Mume wangu akasema, "Mimi siwezi kwenda kukuimbia kwingine kama hawa tumewaficha." Upande wa pili wa ukuta Mama Sikitu alikuwa anakoroga unga wake. Mwiko ulisimama. Safari hii hakucheka, na kesho yake bombani hakuniita malkia.

Ndugu zangu, nikiwaambia ukweli hawatakuja, na sisi tunabaki humu miezi saba tukiwa mabubu. Nikinyamaza ninapata nyumba mpya, lakini sijui kama nitampata yule mume aliyekuwa ananiimbia. Nimeandika meseji ya kumweleza yule binti mara nne, nimefuta mara nne. Leo asubuhi kaniandikia yeye: "Dada, mafua yamepungua?"

Bado sijamjibu. Naombeni mnisaidie, nimwambie nini?