Kurasa Nne za Katikati

Naiona mpaka leo ile asubuhi ya gulio, mwanangu Kabula. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nimesimama nyuma ya meza yangu ya mitumba hapa Kalangalala, Geita, mkononi nina wembe, mbele yangu ipo Biblia ya marehemu baba. Naikumbuka kwa sababu siku ile nilijiona mjanja kuliko soko zima. Siku kama hiyo haisahauliki, ila sababu ya kuikumbuka hubadilika kadiri mtu anavyozeeka.

Kabla sijafika huko, nirudi kwanza kwenye simu yako ya juzi. Uliniambia baba yako, mdogo wangu, amekuachia Biblia tatu ndani ya sanduku la bati. Ukasema ada ya chuo cha uuguzi haijatimia, na hapo Shinyanga yuko bwana anayenunua vitabu vya zamani, naye amezitaka zote tatu. Halafu ukaongeza jambo moja kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa: kwamba ile ndogo ya Kiswahili ataipandisha bei ukimwondolea kurasa za katikati zilizochorwachorwa kwa kalamu.

Nilikuambia salio linaisha. Salio lilikuwepo, mwanangu. Niliangalia mara mbili.

Sasa nimekaa, nakujibu kwa maandishi, kwa sababu jambo hili nataka ulisome polepole.

Baba yangu, babu yako, alikuwa mwinjilisti kijijini kwetu, pale ambapo leo ni mgodi. Alikuwa na Biblia kubwa ya Kisukuma yenye jalada la ngozi nyeusi na kingo nyekundu, nzito kiasi kwamba mama aliitumia kukandamizia kifuniko cha chungu cha maziwa, baba akiwa hayupo. Katikati yake, Agano la Kale linapoishia na Jipya halijaanza, palikuwa na karatasi mbili tupu, yaani kurasa nne. Hapo ndipo baba alipoandika mambo ya nyumba. Nani kazaliwa, nani kabatizwa, nani kaolewa wapi, nani kafa na kalazwa sehemu gani. Niliyaona maandishi yale tangu utotoni kama unavyouona ukuta wa nyumba yenu. Nani anausoma ukuta?

Baba alipofariki, ndugu walisema Biblia ikae kwangu, kwa kuwa nilikuwa mjini na chumba changu kina sakafu ya saruji, mchwa hawatafika. Mchwa kweli hawakufika. Kazi yao walikuwa wamenikabidhi mimi.

Yule mnunuzi alikuja sokoni akiwa amevaa kofia ya pama. Alikuwa anazunguka akitafuta vitu vya kale: vigoda, vibuyu, shanga, vitabu. Nilimwambia ninacho kitabu, nikaenda kukileta. Akakipapasa ngozi, akakinusa, akakifungua katikati, akakunja uso.

"Dada, hiki kimechafuliwa."

"Kimechafuliwa na nini?"

"Kalamu."

"Hiyo ni kalamu ya mwenye kitabu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefariki."

"Basi hatakinunua yeye. Ninanunua mimi."

Jirani yangu wa meza ya pili, mama mmoja muuza karanga, alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikutaka kuchekwa bila faida. Nikamuuliza yule bwana, hizo kurasa zikitoka, kitabu kinakuwa kisafi? Akasema kinakuwa kisafi. Bei inapanda? Inapanda. Inapanda kwanza ndipo nikate, au nakata kwanza? Akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Akaongeza noti juu ya meza. Nikachukua wembe wangu wa kukatia nyuzi, nikapitisha karibu kabisa na mshono, taratibu, usingejua hata kama palikuwa na kitu. Karatasi mbili. Nilizihesabu mara mbili.

Akaondoka na kitabu, nami nikabaki na fedha na karatasi. Nilijisifu moyoni kwamba nimeuza kitu kwa kukipunguza. Nenda soko lolote utafute mtu aliyewahi kulipwa zaidi kwa kutoa kidogo. Fedha ile niliiongeza kwenye mtaji, nikanunua belo la mitumba. Nilipolifungua, lilikuwa limejaa makoti mazito ya baridi ya watoto. Kwa joto la Geita, mwanangu. Makoti yenye manyoya shingoni.

Zile karatasi nilizisukuma chini ya meza kwenye rundo la magazeti. Mchana jirani yangu aliishiwa vifungashio, akauliza kama nina karatasi. Nikamwambia chukua. Sikugeuka hata kuangalia alichochukua.

Ikapita miaka sita. Siku moja akaja mdogo wangu, yaani baba yako, kunichukua. Akasema watu wa tathmini wamefika kijijini, wana ndoo za rangi nyekundu, wanapiga alama kwenye miti, kwenye nyumba na kwenye makaburi. Mgodi unapanuka, tunahamishwa. Kila familia inatakiwa kuonyesha makaburi yake, jina la aliyelala na mahali alipolala, ili wahamishwe nao. Kaburi lisiloonyeshwa haliwezi kuhamishwa.

Tulimkuta mama ameshakaa nje, kitenge kimefungwa vizuri, yuko tayari. Kaburi la baba lilikuwa na msalaba. La bibi lilikuwa na mawe. La Minza, mdogo wangu aliyekufa kwa surua, mama alilionyesha kwa fimbo bila kusita, kwa sababu alimzika kwa macho yake mwenyewe. Kijana mmoja wa tathmini, mwenye ndoo ya rangi, akapiga alama. Halafu akauliza, wengine?

Mama akanigeukia mimi. "Shija, lete Biblia ya baba yako. Wale wawili wameandikwa humo."

Wewe ni mtoto wa Shinyanga, sina haja ya kukufundisha majina. Lakini kaa kidogo uyafikirie. Mapacha kwetu ni Kulwa na Doto. Anayezaliwa baada yao ni Shija. Mimi naitwa Shija. Kulwa na Doto walizaliwa kabla yangu, wakaishi siku nne. Mama alikuwa kitandani na homa ya uzazi, hajitambui, na aliyewazika ni baba pamoja na kaka yake. Mama alipopata nafuu, baba hakumpeleka pale. Alimwambia, "Mahali nimepaandika, siku utakayotaka kupajua, utasoma." Mama hakutaka siku hiyo ije. Kujua tu kwamba pameandikwa kulimtosha. Baba alikuwa amekufa, kaka yake naye amekufa, zizi lilikuwa limehamishwa mara mbili, na minyaa ya ua ilishang'olewa na kupandwa upya. Iliyojua walipolala watoto wale ilikuwa karatasi peke yake.

Nikasema, "Mayu, Biblia niliiuza."

Nilitegemea mama anipige na ile fimbo, na ningeshukuru. Akasema, "Sawa. Kitabu kinapatikana, hata mchungaji anacho. Karatasi zetu ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi sizijui zilipo. Nikamwambia ukweli wote, wembe, noti, jirani, karanga. Nilipofika kwenye karanga, baba yako aliinuka akaenda kusimama mbali.

Mama akauliza, "Ulizisoma?"

"Hapana, mayu."

"Wewe unayehesabu chenji mara mbili."

Alimwambia yule kijana asubiri, akaanza kutembea kiwanjani na fimbo yake, akisimama hapa, akigusa pale, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenzake. Alizunguka mpaka jua likawa kali. Yule kijana alikuwa na adabu. Aliweka ndoo chini, akavua kofia, akamfuata pole pole. Mwishowe mama akarudi akaketi. Akamshukuru, "Wabeja, mwanangu. Andika matatu."

Makaburi matatu yakahamishwa. Mahali palipokuwa nyumbani kwetu pana kilima cha mawe yaliyotolewa shimoni. Nikipita na basi kwenda Ushirombo kukusanya mpunga, abiria wengine wanakionyeshana kwa vidole wakikadiria ni tani ngapi. Mimi hicho sikihesabu.

Wiki moja baada ya kuhama mama aliniita kwenye nyumba mpya. Alikuwa ameitoa Biblia ndogo ya Kiswahili ya baba, ile aliyokuwa akiendea nayo mikutano. Nayo ilikuwa na karatasi mbili tupu katikati. Akanipa kalamu ya wino. "Andika," akasema, naye akawa anataja. Alitaja tangu babu yake baba, akapanga, akarudia, akasahihisha. Nilipofika kwa Kulwa na Doto niliandika majina, nikaandika siku nne. Nikauliza, mahali niandike wapi?

"Acha nafasi," akasema mama.

"Niandike kwamba hapajulikani?"

"Nimesema acha nafasi. Anayesoma aone kwamba kitu kilikuwepo."

Basi, mwanangu, hiyo ndiyo Biblia ndogo iliyo kwenye sanduku lako. Huo mwandiko mbaya anaoulalamikia mnunuzi ni wa shangazi yako. Na ukiangalia ukurasa wa pili, utaona majina mawili yenye pengo mbele yake. Mama alipokaribia kufa alimpa baba yako aitunze, si mimi. Alifanya vizuri. Hata mimi nisingejipa.

Sasa sikiliza, maana hapa sitaki tuelewane nusu. Sisemi kwamba Biblia ni kitu kisichouzwa. Maduka yanaziuza, na Neno halijapungua. Ile yenye zipu na kingo za dhahabu aliyozawadiwa baba yako harusini, na nina hakika haijafunguliwa tangu siku hiyo, uza. Ile kubwa yenye jalada la bluu, keti chini uifungue ukurasa kwa ukurasa, kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, usiitingishe tu kama mtu anayetafuta noti. Ukikuta hakuna mkono wa mtu humo, uza nayo. Ukikuta hata mstari mmoja, nipigie kabla hujamwambia mnunuzi neno.

Ile ndogo haiuzwi. Haikatwi, haipigwi picha kwa ajili ya bei, haikai hata kwenye meza mnayozungumzia. Hili nakufundisha kama mfanyabiashara: kitu usichotaka kukiuza, kiondoe mezani kabla maneno hayajaanza. Kikibaki pale, mnunuzi atakishika, atakisifu, atakiponda, na saa moja baadaye utajikuta unajadiliana bei ya kitu ambacho asubuhi hakikuwa na bei. Hakuna anayeshindwa kwa upumbavu mezani. Watu hushindwa kwa kuzoea. Mimi nilizoea.

Na kuhusu ada, usihangaike peke yako. Nina magunia ya mpunga nimeyaweka nikisubiri bei ipande. Haijapanda vya kutosha, na moyo unaniuma, lakini nitayauza Alhamisi na kitakachopungua nitakijaza. Jumamosi nakuja Shinyanga kwa basi la kwanza. Mwambie huyo bwana asubiri. Zile mbili nitaziuza mimi mwenyewe, na bei aliyokutajia, samahani, ni ya kumtania mtu mwenye shida.

Tukimalizana naye, tutaketi mimi na wewe na kalamu. Baba yako hajaandikwa bado. Utaandika wewe, mwandiko wako ni mzuri: jina lake, siku aliyozaliwa, siku aliyotutoka, na mahali alipolala, kwa hatua, ukianzia kitu kisichohama. Tutaenda makaburini tuzipime. Tutazipima mara mbili.

Mungu akuongezee mikono ya kuwapokea watoto wa watu wakizaliwa, na akupe macho ya kusoma kabla ya kukata. Uolewe uandikwe, uzae uandikwe, na siku yako ikifika, mbali sana, pasiwe na pengo mbele ya jina lako. Na kila utakaponiita Shija, ujue umewaita watatu.

Shangazi yako.