Vyuma vya Kilo Moja

Leo nimeenda Sotik kununua vyuma vya gym ya nyumbani, nimerudi na dambeli za kilo moja. Msinicheke bado.

Pesa ilitosha baa ya mtumba, ile ya kunyanyulia, na sahani zake za uzito. Nilikuwa nishachagua.

Halafu nikaona seti ya dambeli ndogo, nikakumbuka mkono wa Baba. Umelegea tangu apate kiharusi, na mazoezi amekataa kabisa.

Nikaacha baa.

Nyumbani nikamwekea moja mkononi. Akaniuliza, "Na zako ziko wapi?"

"Hizi ni zetu, Baba. Tutafanya pamoja."

Akaitazama. Halafu akaiinua kidogo tu. Mama, aliyekuwa mlangoni, akaweka ndoo ya maziwa chini, akageukia ukuta.

Sasa Baba ameniambia kesho nisichelewe.

Nani mwingine anafanya mazoezi na mzazi wake?